Bibi Harusi Aliyekataliwa kwa Kipaza Sauti

Aibu yangu mimi nimeshaikubali, kwa sababu hata nikiikana hakuna wa kuniamini: mtaa mzima ulikuwapo, na wasiokuwapo waliiona kwenye simu, Mombasa na mpaka huko Ulaya kwa jamaa zetu. Nimekaa kando nikasikia inavyosimuliwa (kuna wanaosema mimi ndiye niliyevaa shela, si kweli, wallahi si kweli), nikaona basi, nami niiseme kwa kinywa changu, maana ikishakuwa aibu ni yako, bora angalau uipange sawasawa.

Mimi nasomesha watoto wadogo hapa Kismayu, mtaa wa karibu na bandari, na wakubwa kwa wadogo wananiita Maalim. Watoto wetu siku hizi Kisomali wanakijua vizuri, cha redio na cha sokoni, lakini ukiwasemesha Kibajuni wanakuangalia kama umewauliza hesabu. Basi Idi iliyopita nikasema niwafanyie mchezo kwa lugha ya nyumbani, wakae mkeka mmoja na mama zao na babu zao, wacheke, na katika kucheka wachukue maneno mawili matatu.

Ngano niliyoichagua ni ile aliyokuwa akiisimulia bibi yangu, mzaliwa wa kisiwa cha Chovai, ya binti wa sultani aliyebadilishana nguo na mjakazi wake siku ya harusi. Binti hamtaki mume, mjakazi anavishwa shela la bibi harusi, anapelekwa yeye, na bwana harusi hajui kitu mpaka alfajiri. Hayo ya kati ya isha na alfajiri bibi alikuwa akiwasimulia wanawake wenzake kwa sauti ya chini, wakicheka mpaka kufuta machozi, nasi watoto tunafukuzwa tukachote maji. Na mwisho wake ulikuwa mbaya, wa panga na damu, kama ngano za zamani zilivyokuwa.

Sasa hayo mimi nisingeweza kuyaweka mbele ya watu na familia zao. Nikakaa nikaisafisha. Alfajiri nikaitoa, panga nikalitoa, damu nikaitoa. Katika yangu, bwana harusi anagundua pale pale mlangoni, mbele ya watu, kabla hajagusa hata ncha ya nguo, anasema "Huyu siye!", kisha mjakazi anaeleza, anasamehewa, anaachwa huru, watu wanakula. Safi kabisa. Nilijisifu, nikasema bibi yangu angekuwa hai angeniombea dua.

Mwenye ua mkubwa mtaani kwetu ni Bi Rukia, mjane, mkali, mwenye roho nzuri ukishampita ukali. Nilipokwenda kumwomba ua wake alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maalim, hapa babu na mkaza mwana watakaa mkeka mmoja. Huyo bibi harusi wako watu wasimwone uso wala wasimsikie sauti mpaka mchezo ufike mwisho."

"Haina neno," nikasema. "Nitamfunika gubigubi, na hatasema."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Uamuzi mdogo, wa adabu, niliokubali nikiwa nimesimama mlangoni viatu mkononi. Sikuona ubaya wowote.

Msichana wa kuwa mjakazi sikumpata, kila niliyemtaka baba yake aliniuliza maswali. Mwisho nikamchukua shangazi yangu mwenyewe, Shangazi Mwanaisha, mwanamke wa makamo ya kuwa bibi wa watu, meno ya mbele hana, lakini chini ya shela nani atayahesabu? Taabu ya Shangazi ni moja: hanyamazi. Anasema akila, anasema akisinzia. Nikamkalisha chini nikamwambia, "Shangazi, akija mtu yeyote kukuchukua, akupeleke popote, akufanye lolote, wewe kimya. Mpaka shela lifunuliwe. Ukisema neno moja ngano imekufa." Akaapa. Na Shangazi yangu akiapa ameapa, hilo lazima nimsifu nalo.

Siku ile ile ya mchezo nyumbani kwa Bi Rukia kulikuwa na bibi harusi wa kweli. Naam. Aliitwa Salma, Mbajuni mzaliwa wa Mombasa, wazazi wake walikimbia vita kabla hajazaliwa, na ndiyo kwanza anaikanyaga Kismayu. Aliposwa na Omari, fundi wa mashine za boti, kijana mwenye asili ya kisiwa cha Chula, mpole, mchache wa maneno. Walijuana kwa simu. Nikaha ilikuwa imefungwa asubuhi msikitini, akasimama walii ami yake Salma aliyemsindikiza kutoka Mombasa. Kwa desturi yetu bwana harusi ndiye anayeingia kwa bibi harusi, lakini Salma hapa alikuwa mgeni, hana kwao, akafikia kwa Bi Rukia aliye rafiki wa mama yake, ikakubaliwa kwamba mashangazi wa Omari waje kutoka Chula wamchukue baada ya magharibi, wampeleke kwa mumewe. Mchezo wangu ulikuwa baada ya alasiri. Nafasi ilikuwapo tele.

Mashangazi wa Chula wakaja mapema. Walisema baadaye kwamba waliona watu wamejaa mbele wakadhani wamechelewa, wakazunguka uchochoroni, wakaingia kwa mlango wa nyuma, wa wanawake. Chumbani mle walikuta nini? Bibi harusi wawili. Mmoja kwenye kiti karibu na mlango, mmoja kwenye pembe nyuma ya pazia la kitanda. Somo wa Salma, aliyetakiwa asiondoke ubavuni pake, alikuwa ametoka kuchungulia mchezo. Na mashela yalikuwa sawa, mekundu ya nyuzi za dhahabu, kwa sababu Omari alileta mawili ili Salma achague, na lile lililobaki Bi Rukia, kwa wema wake, alimwazima Shangazi.

Wa pembeni hawakumwona. Wakamwona wa karibu. Wakapiga vigelegele, wakamnyanyua Shangazi Mwanaisha, wakamfukiza udi, wakampakia kwenye bajaji.

Mimi vile vigelegele nilivisikia kutoka uani nikafurahi. Nikasema moyoni, wanawake wa mtaa huu Mungu awabariki, wameongeza vionjo bila ya kuambiwa.

Niko mbele, nimeshika kipaza sauti, joho la kuazima, kilemba. Ua umejaa. Watoto mikeka ya mbele, akina mama huku, wazee kule kwenye viti, na Bi Rukia katikati ameinua simu yake juu anawaonyesha mchezo jamaa wa Mombasa, na katika hao jamaa, nikaja kujua nimeshachelewa, alikuwamo mama yake Salma. Bwana harusi wa mchezo alikuwa Kassim, mchomeleaji wa vyuma, niliyemchagua kwa sauti yake tu, maana mtu yule akikuita kutoka gatini unageuka ukiwa sokoni. Nilikuwa nimeshawafundisha watoto: Kassim akisema "Huyu siye!" wao wajibu kwa pamoja "Siye!" Tulijaribu mara kadhaa kabla ya kuanza. Walikipenda sana kipande hicho.

Wakati ukafika. Nikamwashiria mke wangu Maryamu akamlete bibi harusi. Maryamu akaingia chumbani, akakuta mtu mmoja amefunikwa, amekaa pembeni, kimya, akamshika mkono akamwambia, "Haya mwenzangu, wakati wako." Yule akasimama akafuata. (Nilimuuliza Maryamu baadaye, mkono wa Shangazi yangu huujui? Akaniambia aliuona laini na una hina mbichi, akadhani Shangazi amejipamba kwa ajili ya mchezo, akamwonea huruma.)

Akatoka uani taratibu, kichwa chini, hatua ndogo ndogo. Mimi nikamwona nikastaajabu, nikasema kumbe Shangazi akitaka anaweza kutembea kama binti wa kumi na tisa.

Salma naye, kwa upande wake, alikuwa ameambiwa na somo yake kwamba watakuja watu wamchukue, asiulize, asitazame, afuate tu. Kasikia vigelegele, kashikwa mkono, katolewa mbele ya umati. Kadhani Kismayu ndivyo tunavyooa.

Kassim akamzunguka mara moja, kama nilivyomfundisha. Akasimama. Akavuta pumzi.

"Huyu siye!" akanguruma. "Wallahi huyu si niliyemposa! Mrudisheni alikotoka!"

"Siye!" watoto wakajibu kwa furaha. "Siye! Siye!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikamwona bibi harusi ametetemeka mabega, na hapo, badala ya kuacha, nikakolea. Nikaona Shangazi anaigiza vizuri mno, haifai kumwacha peke yake. Nikakileta kipaza sauti mdomoni nikatia maneno ambayo hayakuwamo hata kwenye ngano yangu, nikasema, "Jamani mtazameni! Mtu wa jikoni huyu, mikono imesuguliwa na masufuria, leo anataka kuwa mke wa mtu! Tumfanyeje?"

"Arudi!" mtoto mmoja akapiga kelele, na wenzake wakalichukua. "Arudi! Arudi!"

Ndipo sauti ikatoka chini ya shela. Ndogo, ya Kimombasa safi, inalia.

"Nirudi wapi mimi? Nimekuja kwa basi na kwa boti, nimetapika njia nzima. Nirudi wapi?"

Mimi nasomesha lugha, na katika vile nilivyobabaika, jambo la kwanza lililonijia kichwani ni kwamba Shangazi yangu hasemi hivyo. La pili ni kwamba Shangazi aliapa hatasema. La tatu sikulifikia, kwa sababu Salma alikuwa ameshalifunua shela usoni mwenyewe, na machozi yamechuruza wanja mpaka kidevuni.

Kisha kwenye simu ya Bi Rukia ikasikika sauti ya mwanamke kutoka Mombasa: "Rukia! Rukia! Huyo si Salma wangu? Mbona wanamkataa?"

Bi Rukia aliishusha simu. Alikuja moja kwa moja kwangu, na kile kiatu alichonipiga nacho nilikipokea, sikukikinga, maana hata katika hali ile niliona kina haki. Kassim aliniangalia, akaangalia kilemba chake, akakivua. Akasema kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona, "Maalim, kama huyu ndiye wa kweli, wetu yuko wapi?"

Hilo swali lilikuwa zuri. Somo akakimbilia chumbani akarudi amejishika kichwa, hamna mtu, na mlango wa nyuma uko wazi.

Tukaingia kwenye bajaji, Salma na Bi Rukia nyuma, mimi mbele kwa dereva na joho langu linapepea. Dereva akaniuliza kwa Kisomali kama tunakwenda harusini au hospitali. Nikamwambia bado haijajulikana. Nyuma yangu Salma alikuwa akimwambia Bi Rukia maneno yale yale, kwamba yeye kwao atarudi, hata kama nikaha imefungwa, mwanamume aombwe talaka, kwa sababu hakuna mtu aliyeambiwa "siye" na watoto wa mtaa mzima akaja akaishi katika mtaa huo huo. Nilitaka kumwomba radhi. Niligeuka, nikauona uso wa Bi Rukia, nikageuka tena mbele.

Nyumbani kwa Omari tulikuta vigelegele vimeshakatika. Mashangazi wa Chula wamesimama mlangoni wameshika viuno, na mkubwa wao alipomwona Bi Rukia hakumpa salamu.

"Ndiyo mambo hayo, Rukia?" akasema. "Tunamposea kijana wetu mwanamwali, munatutilia ajuza kwenye shela? Kwetu Chula hatuna macho?"

Omari alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kanzu mpya, rangi imemtoka. Niliyapata yote baadaye kutoka kwa Shangazi, ambaye tangu siku ile hajaacha kuyasimulia. Walipomchukua yeye alidhani ni mimi nimetuma watu, akasema moyoni Maalim safari hii amefanya mambo. Bajaji ilipokwenda, ikaendelea kwenda, akaona huenda mchezo unaingilia lango kubwa. Walipomkalisha kwenye kitanda chenye shuka za hariri, wakampitishia tende na maziwa chini ya shela, akaona mchezo huu mtamu, kumbe nilimficha. Akala. Akanyamaza. Mashangazi wakasifu wenyewe kwa wenyewe adabu ya mke waliyempata, hasemi, hatikisiki, anakula kidogo kidogo. Kisha akaingia Omari, akatoa salamu, akaweka kiganja kichwani pake, akasoma dua yote bila ya kuruka neno, akalifunua shela.

Na Shangazi Mwanaisha, mwaminifu wa kiapo chake, akamtazama akampa tabasamu lake lote lisilo na meno, akasema, "Alhamdulillahi. Sasa naweza kusema?"

Omari alitoka mbio kwa kuruka dirishani. Dirisha ni la chini, hakuumia.

Nikaeleza. Nilisimama pale na joho langu mbele ya mashangazi wale nikaeleza mwanzo mpaka mwisho, ngano, mjakazi, shela, mlango wa nyuma, na kila nilipoeleza niliona jinsi maneno yanavyozidi kuwa ya uongo, maana ukweli wenyewe ulikuwa na sura ya uongo. Mkubwa wao akaniuliza, "Na wewe ndiye unayesomesha watoto?" Nikasema ndiye. Akatikisa kichwa.

Wao walikubali kupoa. Aliyekataa alikuwa Salma. Alibaki kwenye bajaji, shela limeteremshwa, hashuki. Omari akaenda akainama kando ya bajaji, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliye karibu sikuipata. Salma akamjibu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliipata.

"Unaniambia mimi sikioni? Nimekataliwa kwa kipaza sauti. Nitakubaliwa kwa kipaza sauti, au narudi kwa mamangu."

Basi tukarudi wote. Mimi, Bi Rukia, Salma, Omari, mashangazi wa Chula, na Shangazi yangu ambaye alikataa kuachwa. Watu uani kwa Bi Rukia hawakuwa wametawanyika hata mmoja (na nani angetawanyika?), wazee kwenye viti vyao, watoto kwenye mikeka yao ya mbele, Maryamu amewagawia kashata ili kupitisha wakati. Simu ya Bi Rukia ikainuliwa tena juu, na Mombasa ikanyamaza kusikiliza.

Omari alikishika kile kipaza sauti kama mtu aliyepewa nyoka. Mtu huyu maneno yake yote huyamaliza kwenye mashine za boti. Spika ikalia, watoto wakaziba masikio. Salma amesimama mbele yake, amefunikwa, hatikisiki.

"Huyu..." Omari akaanza. "Huyu ndiye."

"Siye!" watoto wakajibu.

Nilitaka ardhi ipasuke. Ndivyo nilivyowafundisha, na walikuwa wamefundishika. Mwaka mzima ninawasomesha irabu hawazishiki, lakini hilo walilishika. Mama zao wakawa wanawavuta nguo, mashangazi wa Chula wakaanza tena kushika viuno. Na Omari, yule mpole, uso ukamwiva, akawageukia watoto, akapiga kelele ambayo hata Kassim alirudi nyuma:

"Ndiye! Nimesema ndiye! Mke wangu ni huyu, na asiyetaka aondoke uani!"

Kisha mtoto mmoja, sijui ni yupi, akasema kwa uangalifu, "Ndiye?" Na wenzake wakalipokea, wakalipenda zaidi ya lile la kwanza, "Ndiye! Ndiye!" mpaka kuta zikatoa mwangwi. Chini ya shela mabega ya Salma yakaanza kutetemeka tena, nikajua tumekwisha. Lakini alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akamshika Omari mkono ili asianguke, na mashangazi walipoona hivyo wakapiga vigelegele, na kutoka kwenye simu vikaitikiwa vya Mombasa.

Mwisho wa ngano yangu, ule wa mjakazi kuachwa huru, hatukuufanya. Shangazi Mwanaisha amekasirika mpaka leo, anasema alikuwa na maneno mazuri ya kusema na hakuna aliyempa nafasi.

Salma na Omari wako, wazima, wanakaa mitaa michache kutoka kwangu. Salma amenisamehe kwa njia yake: kila akikutana nami sokoni mbele ya watu hunionyesha viganja vyake, ananiuliza, "Maalim, unaonaje, ni vya masufuria?" nami huwa nina haraka. Bi Rukia ananijibu salamu, hazidishi. Watoto darasani nikiuliza swali, mmoja akakosea, wengine hawasubiri nimsahihishe, wanamwambia wao kwa pamoja, na mnajua wanavyomwambia.

Nimejifunza, nami sijifunzi upesi. Ngano za bibi yangu sasa naziacha na uchafu wake, azisimulie anayeziweza, kwa sauti ya chini, kwa wakubwa wenzake. Ile yake angalau ilikuwa na subira, ilingoja mpaka alfajiri, haikumfedhehesha mtu mbele ya watu. Na harusi nikialikwa naenda, nakula pilau langu, nawaombea heri kwa sauti ambayo jirani yangu tu ndiye anayeisikia, kisha natafuta viatu vyangu mapema. Wakisema Maalim atatupa maneno mawili, mimi nimeshafika nyumbani.